Aliyekuja kwa Miguu: Mwili Kazini na Uongozi, Ukitazamwa kutoka Kihurio

Kijana aliyemaliza chuo mwaka juzi anapangiwa kituo chake cha kwanza: mtendaji wa kijiji, kata ya Kihurio, wilaya ya Same. Anashuka kwenye basi na begi lake, vumbi la barabara ya Kisiwani likiwa limemkaa hadi kwenye nyusi. Ofisini anamkuta mwenyekiti wa kijiji, mzee wa rika la babu yake, aliyechaguliwa na wananchi. Chumba kina meza moja yenye muhuri na daftari la wageni, kiti kimoja chenye mgongo, na benchi la mbao lililokaliwa na watu mpaka likang'aa.

Nani amwamkie nani si tatizo. Kijana atasema shikamoo, mzee ataitikia marahaba, na mambo yataonekana yako sawa. Tatizo linakuja nusu dakika baadaye, pale kijana anapotakiwa akae nyuma ya meza, kwenye kile kiti, kisha amwambie mzee kwamba taarifa ya mapato na matumizi ya robo iliyopita haijasomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na ni lazima isomwe. Kinywa chake ni cha serikali. Magoti yake bado ni ya mjukuu.

Akikaa kitini na kukunja nne, maneno yake yote yatakuwa ya haki na hakuna litakalosikika. Akibaki amesimama wima mikono nyuma kama mwanafunzi, mzee atamhurumia, atamwita mwanangu, na taarifa haitasomwa. Aliye mwerevu huvuta kiti hadi upande wa pili wa meza, au huenda kukaa benchini pamoja na mzee, akafungua daftari juu ya mapaja ili wote wawili walitazame karatasi badala ya kutazamana. Kwa tendo hilo la kuhamisha kiti hatua mbili, hesabu imekuwa ndiyo inayomdai mzee, wala si mtoto. Hakuna semina ya utawala bora iliyomfundisha hilo. Pengine alimwona mama yake akifanya hivyo alipokuwa na neno zito la kumweleza mkwewe.

Uchambuzi huu ni wa mambo ya namna hiyo: namna mwili unavyofanya kazi pale watu wanapofanya kazi, na unavyombeba au kumwangusha anayeongoza. Nimekaa upande wa Kihurio, chini ya milima ya Upare Kusini, kwa sababu mbili. Kwanza, huku uongozi bado unaonekana kwa macho: anayeamua mambo ya maji, shamba na mchango unakutana naye njiani. Pili, Kihurio haijawahi kuwa ya kabila moja. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ya Pangani kuelekea Kilimanjaro ilipita ukanda huu wa bonde la Mkomazi, na hadi leo Wapare, Wasambaa, Wazigua na wafugaji wa Kimasai wanakutana sokoni na mikutanoni, kila mmoja akiwa amelelewa kuusoma mwili kwa namna yake.

Tuanze na lugha, maana Kiswahili kiliyajua haya kabla ya vitabu vya menejimenti. Ukimtaja mwenyekiti umetaja mwenye kiti. Msimamizi ni anayesimama juu ya kazi hadi iishe. Mtu asiyeyumba tunasema ana msimamo. Aliyekabidhiwa madaraka ameshika hatamu, na akinyang'anywa tunasema kiti kimemponyoka. Hata shikamoo, ambayo leo tunaitupa mlangoni tukiwa tunatazama simu, asili yake inaelezwa kuwa ni kauli ya kushika miguu: neno lililobaki baada ya mwili kuacha kuinama. Na kile ambacho wakufunzi wa siku hizi hutaka tukiite uwepo wa kiongozi, wazee waliita haiba, neno linalobeba heshima na hofu kidogo ndani yake.

Ishara zenyewe nazo zilishachunguzwa. Mwaka 1985 mwanazuoni wa Mombasa, Yahya Ali Omar, akishirikiana na Carol Eastman, alichapisha makala kuhusu ishara za Waswahili, wakizigawa katika vielezi na viingizi. Miaka minane kabla yake Chet Creider alikuwa ameandika kuhusu ishara za makabila kadhaa ya Kenya. Ukizisoma kazi hizo unagundua kwamba kubinua mdomo kuonyesha upande fulani, kusonya, kushika tama, kupiga konzi hewani si mapambo ya mazungumzo. Ni maneno kamili, na yana sarufi. Mtoto anayeshika tama mbele ya wazee anaambiwa atoe mkono, kwa kuwa ametamka msiba ambao haujatokea.

Sasa linganisha na yale yanayofundishwa katika kumbi za hoteli za Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Somo ni lilelile: mtazame mwenzako machoni, mkamate mkono kwa nguvu, panua mabega, simama kama mshindi. Mara nyingi somo hilo huja na tarakimu: asilimia 7 ya mawasiliano ni maneno, 38 ni sauti, 55 ni uso na mwili. Tarakimu hizo zina mwenyewe, Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Marekani, na zilitokana na majaribio mawili aliyoyachapisha na wenzake mwaka 1967. Hayakupima hotuba wala mkutano wa kazi. Yalipima jinsi msikilizaji anavyokisia kama msemaji anampenda au anamchukia, pale sauti au uso unapopingana na maneno. Mehrabian mwenyewe aliwahi kukana matumizi mapana ya hesabu yake. Hata hivyo tarakimu zinaendelea kuzunguka, na mtu akitaka kuzipima ajaribu kumwambia mgawa maji wa Kihurio, kwa ishara tupu, kwamba zamu yake ni Jumatano kuanzia saa 12 jioni.

Hadithi ya pili ni ya kusimama kwa majivuno. Mwaka 2010 Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap walichapisha utafiti wa watu 42 uliodai kwamba dakika mbili za kukaa au kusimama kwa kujitanua hubadilisha hata homoni mwilini na kumfanya mtu awe jasiri. Hotuba ya Cuddy ya 2012 ilitazamwa na mamilioni. Mwaka 2015 Eva Ranehill na wenzake walirudia jaribio kwa watu 200, na mabadiliko ya homoni hayakuonekana. Mwaka 2016 Carney akaandika hadharani kwamba haamini tena matokeo hayo. Kilichobaki ni kwamba baadhi ya watu hujisikia vizuri zaidi wakijinyoosha, jambo ambalo mkulima aliyeinama kwenye jaruba tangu alfajiri angekwambia bila malipo.

Tatu ni imani kwamba mwongo hujulikana kwa macho. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya tafiti nyingi za kubaini uongo na kukuta kwamba watu, kwa wastani, hupatia kwa asilimia 54. Kurusha shilingi kunakupa 50. Kumbuka hilo utakapokaa upande wa wenye maswali.

Mimi nilikaa huko siku moja, katika jopo la usaili la taasisi ambayo sitaitaja. Aliingia binti kutoka vijiji vya milimani, akaamkia akiwa ameinama kidogo, akatupa mkono kwa mikono miwili, akakaa ukingoni mwa kiti. Kila swali alilijibu akitazama kona ya meza. Majibu yalikuwa safi, ya mtu aliyewahi kufanya kazi ile kwa mikono yake. Alipotoka, mjumbe mmoja akaandika kwenye fomu: hajiamini. Mwingine akaongeza kwamba huenda kuna kitu anaficha. Nikauliza ni jibu lipi lililokuwa na walakini. Hawakulipata, na kazi akapewa kijana aliyetutazama machoni kwa dakika ishirini bila kupepesa. Sikugomba vya kutosha, na hilo ni langu. Kwa aliyelelewa kama yule binti, kumkazia macho mtu aliyekuzidi umri ni utovu wa adabu, na kuyashusha ni kumwambia: nakusikiliza. Alitupa heshima, sisi tukaisoma kama hatia.

Basi mwili husomwa kwa kipimo gani huku kwetu? Jibu langu ni gharama. Watu wa ukanda huu hawatazami sana mwili umekaaje. Wanatazama umelipa nini ili uwe hapo: umetembea umbali gani, umesubiri muda gani, umeinama kiasi gani, umechafuka kiasi gani. Na ushahidi mkubwa wa hilo uko katika historia ya wilaya yenyewe.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, machifu wa Upare, kwa baraka za serikali ya Waingereza, walianzisha kodi mpya iliyopanda kulingana na makadirio ya mali ya kila mtu. Ikaitwa mbiru. Watu hawakukataa kulipa kodi kama kodi. Walikataa kukadiriwa, yaani mtu aje nyumbani kwako akutazame wewe na mifugo yako, kisha akuandikie kiwango. Barua na maombi hayakufua dafu. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume wakashuka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa.

Neno ni hilo hilo: walikaa. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyeandika kijitabu kizima kuhusu mbiru mwaka 1971, anaonyesha jinsi umati ule ulivyokuwa na nidhamu. Mkuu wa wilaya alikuwa na askari, sheria na taipureta. Wao walikuwa na matako yaliyokaa chini. Kila asubuhi alipofungua dirisha aliwakuta palepale, na hakuna kifungu cha sheria kinachomfundisha mtawala la kufanya mbele ya watu ambao wamekaa tu.

Kisha wakaja wanawake. Kutoka Usangi, Upare Kaskazini, walitembea hadi Same kumwona mkuu wa wilaya. Inasimuliwa kwamba walimwambia hivi: wewe ndiye uliyewaweka waume zetu huku miezi yote hii, basi ama umalize shauri hili, ama uwe wewe mume wetu, utupe mimba. Hebu ifikirie ofisi ile. Mwanamume mmoja wa Kiingereza, kaptura iliyopigwa pasi, na mbele yake mamia ya wanawake waliomaliza maili zaidi ya ishirini kwa miguu, wakiitaja miili yao wenyewe kama hati ya mashtaka. Mwaka 1946 hali ikachafuka Usangi, mawe yakarushwa. Mwaka 1947 mfumo ule wa makadirio ukaachwa.

Ninalirudia tukio hili kwa sababu ndilo somo kamili la mawasiliano kazini ambalo Upare ilijipatia yenyewe. Anayeshuka mlima kuja kwako ameshasema nusu ya neno lake kabla hajafungua mdomo. Na anayekuita wewe upande mlima kwenda kwake naye ameshasema.

Katika vijiji vya ukanda huu, tambarare na milimani, kipimo hicho kinaendelea kutumika siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji au kukarabati ndiva, yale mabwawa ya asili ambayo Wapare wameyatumia kwa vizazi kukusanya maji ya usiku ili yafunguliwe mchana. Kilimo cha mpunga cha ukanda huu, pamoja na mradi mkubwa wa majaruba wa jirani zao wa Ndungu uliojengwa kwa msaada wa Japani, kinategemea maji yanayogawanywa kwa zamu. Maji ya zamu ni siasa. Na siasa hiyo huanza asubuhi, kwa kutazama nani amefika na jembe.

Mwenyekiti akifika na jembe, akavua viatu, akaingia kwenye tope hadi magotini kwa robo saa tu, siku hiyo hahitaji kukemea mtu. Akifika na daftari la mahudhurio na kusimama ukingoni mwa mfereji mikono kiunoni, kazi itafanyika, lakini itafanyika kwa mwendo wa anayeandikwa jina. Asipofika kabisa na kutuma salamu, kila aliyeko pale ataikumbuka siku ya kugawa maji. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimjibu kiongozi aliyekuwa akihimiza uchimbaji kwa hotuba ndefu: "Baba, hayo maneno yako mazuri, ila miguu yako misafi." Watu walicheka, naye akacheka, akakunja suruali.

Kinyume cha miguu hiyo ni shangingi. Kiongozi wa juu anafika, kioo kinashushwa robo, mkono unatoka, watu wanapanga mstari kuushika mkono huo kupitia dirishani huku injini ikiunguruma. Hajatukana mtu. Pengine ana homa, pengine ana mikutano minne mbele. Lakini mwili wake umebaki barabarani, haukuingia kijijini. Mwaka mzima baadaye utasikia ikisemwa: alipita. Hawasemi alikuja.

Viongozi wakubwa wa nchi hii wameijua siri hiyo, kila mmoja kwa namna yake. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Angeweza kuhutubia redioni, na redio alikuwa nayo. Lakini siasa iliyowaambia watu wajitegemee ilihitaji mtu aonekane akitokwa jasho. Kifimbo chake, kama usinga wa Jomo Kenyatta na rungu la Daniel arap Moi huko Kenya, kilikuwa sehemu ya mkono wake, na Moi alipoingia madarakani mwaka 1978 alijenga siasa nzima juu ya neno nyayo.

John Magufuli aliupeleka mchezo huu mbali zaidi. Katika kampeni za 2015 alipiga pushapu jukwaani. Novemba 6 mwaka huo, siku moja tu baada ya kuapishwa, alitoka Ikulu kwa miguu hadi Hazina na kukuta baadhi ya viti havina watu. Desemba 9, siku ya Uhuru, badala ya gwaride alishika uchafu kwa mikono barabarani. Ujumbe ulifika nchi nzima kabla ya waraka wowote: kiti kitupu kimeonekana. Watumishi walioanza kuwahi kazini mwezi ule hawakusoma sera. Walisoma mwendo.

Lakini hapa ndipo sikubaliani na wanaousifu mtindo huo hadi mwisho. Mwili wa kushtukiza hufundisha miili mingine kujihami. Ziara za kushtukiza zikishakuwa desturi, ofisi hujifunza kuonekana. Kila aliyefanya kazi serikalini analijua koti linaloachwa mgongoni mwa kiti, miwani juu ya faili lililofunguliwa: mwenyewe yuko gengeni anakunywa chai, koti liko kazini. Mkubwa akiingia, wote wako wima, wanaandika maelekezo kwenye daftari ambalo halitafunguliwa tena. Uwepo wa kiongozi ukigeuka tishio, anachokipata ni picha ya utii, na picha haichimbi mfereji. Tofauti kati ya Nyerere wa Butiama na mkuu wa mkoa anayevamia zahanati saa mbili asubuhi na kamera mbili ni kwamba wa kwanza gharama aliilipa yeye, wa pili gharama anawalipisha wengine.

Samia Suluhu Hassan alikuta swali tofauti. Machi 22, 2021, Dodoma, katika kumuaga Magufuli, aliwaambia waliokuwa na shaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, mwenye maumbile ya mwanamke. Sauti hakuipandisha. Alikuwa mfupi nyuma ya mimbari, ushungi kichwani, na alichofanya ni kukitaja kile ambacho kila mtu alikuwa akikitazama kimyakimya. Kwa mwanamke anayeongoza katika nchi zetu hilo ni jambo la kila siku. Akisimama kama wanaume wanavyosimama, mikono kiunoni, atasemwa ana kiburi. Akikaa kwa staha aliyofundishwa, atasemwa ni mpole mno kwa cheo. Anafanyiwa hesabu mbili kwa mwili mmoja.

Tazama mkutano mkuu wa kijiji, chombo ambacho kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 kinamhusu kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mbele kuna meza na viti vya wakubwa. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi na mawe ya kivulini. Wanawake wengi wako pembeni, juu ya khanga, migongo imeelekea nusu upande, watoto mapajani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inadai wanawake watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, na watatu hao utawakuta. Lakini mwanamke aliyekaa chini, ili aseme, lazima kwanza amkabidhi mtoto kwa jirani, ainuke, afunge khanga vizuri, asubiri vichwa vigeuke. Mwanamume aliyeko kwenye benchi ameshasema mara mbili. Mwenyekiti anayetaka kusikia kero za maji ya kunywa, ambayo wanaoyabeba ni wao, anaweza kufanya jambo moja lisilohitaji bajeti: kuhamisha mabenchi.

Hata siku ya mkutano ni ishara. Upare Kusini ndiko Waadventista walikoanzia kazi yao nchini, Giti mwaka 1903, na waumini wao ni wengi hadi leo. Waislamu nao wako, na Walutheri. Anayeitisha mkutano Jumamosi ameshawaambia watu wa Sabato kwamba hawahesabiwi. Anayeuanza Ijumaa saa saba mchana ameshawaambia wengine. Mgeni atashangaa kwa nini mahudhurio ni hafifu na kuandika kwenye ripoti kwamba mwamko wa wananchi uko chini.

Kisha huja kura ya kunyoosha mkono. Ni haraka, haina gharama, na kila mtu anamwona kila mtu. Hapo ndipo penye mtego. Kenya ilijaribu jambo hili kwa ukubwa mwaka 1988, pale wanachama wa KANU walipotakiwa kupanga foleni nyuma ya wagombea katika mchujo wa chama, ule mfumo wa mlolongo. Katika maeneo kadhaa foleni fupi ilitangazwa mshindi mchana kweupe. Mwili ukiwa ndiyo kura, woga nao unapiga kura. Kijijini hakuna ukatili wa namna hiyo, ila mkono wa mkopaji hauwezi kubaki chini wakati aliyemkopesha amekaa benchi la mbele. Azimio linapita kwa mikono yote, muhtasari unaandikwa "kwa kauli moja," na siku ya kuchangia au kuchimba watu hawaonekani. Waliokubali kwa mkono wamekataa kwa miguu. Kiswahili cha kazini kina jina la hali hii, mgomo baridi, na meneja asiyeujua atahesabu mikono maisha yake yote.

Kwa wafugaji na wakulima kosa la kusoma mwili lina uzito zaidi. Mzee wa Kimasai husema akiwa amesimama, fimbo mkononi. Kwa mkulima ambaye mpunga wake umeliwa wiki iliyopita, fimbo ile imenyooshwa kwake. Kumbe kwa mwenye nayo ni kama kalamu mfukoni mwa karani. Bila hiyo angejiona yuko uchi. Vivyo hivyo kijana wa Kimasai anayemwinamishia kichwa mzee ili aguswe utosini: asiyejua akimwachia kichwa kinaning'inia, amekataa salamu bila kujua kama imetolewa. Msuluhishi mzuri wa migogoro ya malisho huwakalisha wote kwanza, kisha ndipo anafungua kikao.

Simu nazo zimeleta namna mpya ya kutokuwepo. Makundi ya WhatsApp ya wenyeji walioko mijini huchangia misiba kwa dakika chache, na fedha zinafika kabla ya jeneza. Ni msaada wa kweli, siubezi. Lakini kwenye matanga hakuna anayeuliza nani alituma nyingi. Wanauliza nani alikuja, na alilala wapi.

Kwa hiyo, kwa ndugu zangu mnaopanga semina za uongozi kwa watendaji na wenyeviti wa vijiji: acheni zile asilimia 55, na msiwafundishe watoto wa watu kuwakodolea wazee macho. Semina ya Kihurio ipangeni siku isiyo Ijumaa wala Jumamosi, na kama inaangukia siku ya msaragambo, njooni saa 12 asubuhi na majembe yenu. Mengine mtayajadili mkishakaa kivulini, na hakuna atakayewauliza vyeti.